Beji ikirudishwa, dawa inakwisha

Juma lililopita mzee mmoja alifika kwenye biro yetu ya sendika, ordonansi mkononi. Karatasi imekunjwa mpaka inaanza kupasuka. Alifanya kazi mgodini miaka zaidi ya 30. Leo iko na tansio na sukari. Akatuambia: "Bana yangu, munganga anasema nimeze kila siku. Miye nameza leo, kesho naacha, ju feza ya pansioni haifiki."

Sisi tulio kazini tunasahau. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamlazimisha patro kumtunza mfanyakazi, bibi yake na watoto. Unaonyesha beji hospitali, unapata dawa. Siku ya pansioni unarudisha beji, na ile haki inaishia palepale, wakati mwili ndiyo unaanza kudai.

Batu wengi wanafikiri CNSS itashika nafasi ya patro. Hapana. Sheria ya 2016 inaipa matawi matatu: pansioni, malipo ya familia, na ajali pamoja na magonjwa ya kazi. Mwenye ugonjwa wa mapafu uliotambuliwa kuwa wa kazi anaweza kudai. Mwenye tansio, bule.

Serikali ilianzisha CSU, bima ya afya kwa wote, na mwaka 2023 ikaanza na mama wanaozaa. Tulifurahi, mabinti zetu wamepona na madeni ya kuzalia. Lakini wazee je? Dawa ya malaria ni siku tatu, imekwisha. Ya tansio ni ya maisha. Kuonana na munganga bila kulipa, kisha kutoka na karatasi tu, si kutunzwa.

Tunaomba CSU ichukue sasa dawa za wazee: tansio, sukari, pumu. Nyingi ziko kwenye liste ya taifa ya dawa za lazima, na ziko za jeneriki. Na sisi wenye mshahara tukatwe kidogo tungali na nguvu. Vijana wetu wamekwisha kununa: "Mshahara unakatwa tayari, na hatuone inaenda wapi!" Wako na haki. Ndiyo maana tunataka ile feza iwe na hesabu yake peke, na wajumbe wa wafanyakazi waisome kila mwaka.

Yule mzee, tulichangishana siku ileile, tukamununulia vidonge vya mwezi mmoja. Mwezi ujao atarudi.