Mshindo wa Bunduki na Masikio ya Watu

Bunduki inapolia hutoa vitu viwili. Cha kwanza ni risasi, iendayo kule ilikoelekezwa. Cha pili ni mshindo, uendao kila upande bila kumchagua mtu. Juu ya risasi yamesemwa na kuandikwa mengi. Juu ya mshindo husemwa machache, ingawa ndio uwafikiao watu wengi zaidi, na kwanza kabisa humfikia yule aliyeshika silaha kwa kazi aliyokabidhiwa na umma. Leo twapenda kulizungumza jambo hili, na mfano wetu tutauchukua Rufiji na Kibiti, nchi ambayo imezisikia bunduki kwa muda mrefu.

Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, kusini ya mto Rufiji, na mwezi Agosti mwaka ule Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro. Wazee wetu walishika mikuki na magobore. Wajerumani walikuwa na bunduki za Maxim. Hiram Maxim, mtu wa Marekani aliyehamia Uingereza, aliibuni bunduki hiyo mwaka 1884, na kwa kuzijaribu bunduki zake miaka mingi masikio yake yaliharibika akawa kiziwi. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, alipata hataza Marekani mwaka 1909 kwa ajili ya kiwambo cha kupunguza sauti ya bunduki. Baba aliuleta mshindo, mtoto akautafutia kizuizi.

Miaka michache baadaye delta ya Rufiji ilipata mizinga mikubwa kuliko hiyo. Manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilijificha katika mikono ya mto, ndani ya mikoko, tangu mwaka 1914 hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915 na manowari mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, zilizoongozwa na ndege kutoka juu. Mizinga yake 10 ilitolewa majini, ikafungwa magurudumu, ikapelekwa huku na huko katika vita vya bara, nayo ilikokotwa na watu wetu. Mizinga ile haikuwa na kitu chochote mdomoni cha kuugeuza mshindo. Kila ilipolia, aliyesimama karibu aliupokea kwa masikio matupu. Historia imehesabu mizinga na meli. Masikio ya wapagazi na askari weusi hakuna aliyeyahesabu.

Tueleze basi jinsi mshindo unavyotokea. Baruti ikishika moto ndani ya bunduki hugeuka hewa yenye moto na nguvu nyingi, nayo ndiyo isukumayo risasi. Risasi ikiisha kutoka, hewa ile iliyobanwa hupasuka nje kwa ghafula mdomoni mwa mtutu. Huo ndio mshindo mkubwa. Wataalamu hupima sauti kwa desibeli, na kila zinapoongezeka desibeli 10 nguvu ya sauti huwa mara 10. Sauti ya ghafula ipitayo desibeli 140 yaweza kudhuru sikio kwa mara moja tu. Bunduki ya rifle hufika kiasi cha desibeli 160, yaani nguvu mara 100 kupita mpaka huo. Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo sana vipokeavyo sauti. Vikifa havioti tena, wala hakuna dawa ya kuvirudisha.

Vyombo vifungwavyo mdomoni mwa bunduki ni vya namna tatu, na ni lazima tuvitofautishe. Namna ya kwanza ina matundu ubavuni. Hewa hutokea pembeni, na mara nyingine hurudi nyuma kidogo, na kwa hiyo bunduki haimpigi teke zito mwenye kuishika. Bega hupata nafuu, lakini mshindo humrudia mpigaji na huwaangukia zaidi walio kushoto na kulia kwake. Namna ya pili ni mfano wa kikombe au bomba linalousukuma mshindo mbele. Teke la bunduki halipungui, na mshindo wenyewe haupungui kitu, ila walio nyuma na ubavuni huupata kwa uchache. Namna ya tatu ndicho kiwambo cha sauti. Ndani yake mna vyumba ambavyo hewa huzunguka, ikapoa na kupunguza mwendo kabla ya kutoka. Hiki hupunguza desibeli 20 hadi 35. Hata hivyo risasi iendayo kasi kuliko sauti bado hupiga mlio wake angani, na bunduki haiwi bubu kama watu wanavyodhani.

Jambo tulitakalo kulisema ni hili: katika namna mbili za kwanza mshindo haupotei hata kidogo. Huhamishwa kutoka kwa mtu mmoja ukapelekwa kwa mwingine. Yafaa basi tuulize kila mara, umepelekwa kwa nani? Askari wanyamapori hawatembei mmoja mmoja. Katika pori la Selous, ambako tembo walipungua kutoka kiasi cha 110,000 mwaka 1976 hadi 13,084 mwaka 2013 kwa sababu ya ujangili, askari hawa huenda kwa makundi. Chombo kimpacho raha ya bega mmoja wao na kumwumiza sikio ndugu yake aliye ubavuni si maendeleo. Mzigo umebadilishwa mchukuzi, basi.

Wako watakaosema, kama ni hivyo kila bunduki na ifungwe kiwambo cha sauti. Sisi hatukubaliani nao, na sababu yetu iko Kibiti. Kati ya mwaka 2015 na 2017 viongozi wa vijiji na askari waliuawa wilayani humo na katika wilaya jirani; tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa siku moja katika eneo la Jaribu. Katika nchi iliyopitia hayo, mlio wa bunduki ni habari. Mkulima aliye juu ya dungu lake shambani, akilinda mpunga usiku, akiusikia mlio hujua kuna jambo, huwaamsha wenziwe na kutoa taarifa. Kumnyima sauti hiyo ni kumwondolea mlinzi wake. Silaha isiyosikika mikononi mwa jangili au mwuaji ni hatari kwa kijiji kizima. Marekani yenyewe, kilikozaliwa chombo hiki, ilikiwekea kodi ya dola 200 na daftari la serikali mwaka 1934.

Kwa hiyo hatuna budi kuyalinda masikio ya namna mbili: ya askari, yasife kwa kazi yake, na ya kijiji, yaendelee kusikia. Njia ipo. Kila askari, kila mgambo na kila anayefundishwa shabaha apewe vizibo au vikinga masikio, navyo ni rahisi kuliko risasi azipigazo. Masikio yake yapimwe anapoanza kazi na kila mwaka. Vyombo vyenye matundu ya ubavuni visitumiwe mahali ambapo watu wamepangana bega kwa bega. Panapohitajika chombo, kitafutwe kile kisukumacho mshindo mbele. Viwambo vya sauti vibaki chini ya mkono mkali wa dola, wala asitokee fundi wa uchochoroni kuvichonga.

Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Pori ni mahali pa kazi, na uwanja wa shabaha ni mahali pa kazi. Mpasua mbao akiwa kiziwi twasema ameumia kazini. Askari wa nyama akiwa kiziwi husemwa amezeeka. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Masikio ya vijana wetu walioko zamu leo hayajafa bado, na dawa yake tunaijua.