Meli na Reli: Kulinganisha Athari za Usafirishaji wa Mizigo kwa Mazingira

Watahiniwa wengi hupoteza alama katika mada hii kwa kuandika kwamba njia moja inachafua mazingira na nyingine haichafui. Zote mbili huchafua. Unachotakiwa kuonesha ni tofauti ya kiasi, aina na mahali pa uchafuzi.

1. Kiasi cha hewa ukaa
Hupimwa kwa kila tani-kilomita, yaani uzito wa mzigo mara umbali. Treni ikibeba tani 1,000 kwa kilomita 500, imefanya kazi ya tani-kilomita 500,000. Kwa kipimo hiki, meli kubwa ya makontena kwa kawaida hutoa hewa ukaa kidogo kuliko treni ya dizeli, na zote hutoa kidogo kuliko malori. Hata hivyo, kwa kuwa meli hubeba sehemu kubwa ya biashara ya dunia, jumla yake hufikia karibu asilimia 3 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu.

2. Aina ya nishati
Meli nyingi huchoma mafuta mazito yenye salfa, ambayo huchangia mvua ya tindikali. Ndiyo maana tangu 2020 kiwango cha salfa kinachoruhusiwa kilishushwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Treni, kwa upande wake, inaweza kutumia umeme, kama SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma. Lakini umeme ukifuliwa kwa gesi au makaa ya mawe, uchafuzi umehamia tu kwenye mtambo.

3. Mahali pa madhara
Meli hudhuru bahari. Mwaka 2020 meli Wakashio ilikwama Mauritius na kumwaga takriban tani 1,000 za mafuta karibu na matumbawe na mikoko. Reli hudhuru nchi kavu: hugawa makazi ya wanyama. Ndiyo sababu reli ya SGR ya Kenya ina vivuko vya tembo huko Tsavo.

Hitimisho
Meli haifiki Dodoma, wala treni haivuki bahari. Faida kubwa kwa mazingira hupatikana pale mzigo unaposhushwa bandarini na kupakiwa kwenye treni badala ya malori.

Kumbuka: Linganisha hoja kwa hoja. Kila aya itaje meli na reli, ukitumia maneno kama "ilhali" na "kwa upande wake".

Zoezi: "Reli ya umeme haina madhara kwa mazingira." Jadili kwa hoja nne.