Namba ya Chombo Pekee Haimtii Mtu Hatiani

Mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, umeshikana na mji wa Goma hata mgeni huweza kudhani ni mji mmoja. Katika mpaka wa Petite Barrière maelfu ya watu huvuka kwa miguu, wengi wao wakiwa na simu za mkononi. Kwa askari aliye zamu hapo, liko swali lisiloweza kuachiwa mafundi peke yao: je, namba ya utambulisho ambayo kila simu hutoka nayo kiwandani yaweza kubadilishwa? Jibu ni kwamba yaweza. Na kwa kuwa yaweza, askari anayeitegemea namba hiyo peke yake huenda akamwachia mwizi na kumfunga asiye na hatia.

Yafaa kwanza ifahamike namba hiyo ni kitu gani. Ina tarakimu 15, nayo huonekana kiooni mtu anapobonyeza *#06#. Tarakimu 8 za mwanzo huonyesha aina ya simu. 6 zinazofuata ni za chombo chenyewe. Na ya mwisho hupatikana kwa kukokotoa zile 14 zilizotangulia, ili makosa ya kuandika yagundulike. Simu ya laini mbili huwa na namba mbili. Namba hii isichanganywe na ile anayopigiwa mtu, ambayo hufuata laini. Mwizi akiitupa laini, namba ya chombo hubaki, na mtandao huweza kuitambua na kuifunga simu hiyo.

Kanuni zinawataka watengenezaji wailinde namba hiyo isibadilike. Hata hivyo, imehifadhiwa katika kumbukumbu ya chombo, na kwa baadhi ya simu mwenye zana na ujuzi huweza kuiandika upya. Ndiyo maana Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2002 ya kuwaadhibu wenye kufanya hivyo kwa kifungo kisichozidi miaka 5. Kenya ilizifungia simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya vivyo hivyo tarehe 16 Juni 2016, kwani nyingi kati ya simu hizo hazikuwa na namba halali.

Hatari kubwa zaidi ni namba moja kubebwa na simu nyingi. Mwaka 2020, katika mji wa Meerut nchini India, ofisa mmoja wa polisi aliipeleka simu yake kutengenezwa, kisha akaona kwamba namba yake hailingani na ile ya kwenye boksi. Uchunguzi ulionyesha kwamba simu zaidi ya 13,000 zilikuwa zikitumia namba hiyo moja. Lau mmoja wa wenye simu hizo angetenda uhalifu, namba hiyo ingewaelekeza wapelelezi kwa watu maelfu wasiohusika.

Huko Gisenyi liko jambo jingine. Mwizi wa mpakani pengine hana haja ya kubadili chochote. Orodha ya simu zilizofungwa katika nchi moja haina nguvu ng'ambo ya mpaka iwapo mitandao ya huko haiipokei. Hatua chache za miguu zaweza kumpa kile ambacho mwingine hukilipia kwa fundi.

Basi askari afanyeje? Ailinganishe namba ya kiooni na ile iliyoandikwa kwenye chombo, kwenye boksi na kwenye stakabadhi. Zikitofautiana, aulize kabla ya kushtaki, kwani simu iliyobadilishwa bodi ya ndani kwa matengenezo ya halali yaweza kuwa na namba mpya. Zikilingana, bado asiridhike: aulize simu ilinunuliwa wapi, lini na kwa nani, na kwa njia ya sheria apate kumbukumbu za mtandao kuhusu laini zilizotumika. Naye mwananchi ahimizwe kuiandika namba ya simu yake mahali salama kabla haijaibwa.

Namba ya chombo ni mwanzo mzuri wa upelelezi, wala haiwezi kuwa mwisho wake. Askari anayelijua hilo humlinda mwenye mali, na pia humlinda mnunuzi mnyonge aliyeuziwa sokoni simu ambayo hakujua ilikotoka.