Ghirbib: Weusi wa Kunguru

Kila tukifika Sura Faatir, aya ya 27, hutokea wenzetu wanaofasiri neno gharabib kuwa ni "kunguru". Tunaelewa linakotoka kosa hilo. Neno hili na ghurab, yaani kunguru, yamejengwa kwa herufi zilezile: ghain, ra na ba. Lakini wingi wa ghurab ni ghirban. Gharabib ni wingi wa ghirbib, na hiyo ni sifa: cheusi mno, cheusi kama kunguru. Aya inazungumzia milima yenye njia nyeupe, nyekundu na nyeusi. Hamna ndege hata mmoja pale.

Waarabu hulitumia neno hili kuitilia nguvu rangi. Husema aswad ghirbib, kama wasemavyo asfar faqi', manjano iliyokoza, tuliyoisoma katika habari za yule ng'ombe, Sura al-Baqara aya ya 69. Sisi Waswahili tunazo zetu: nyeupe pe, nyekundu ndu, nyeusi ti. Kwa maoni yetu mwanafunzi aliyeandika "nyeusi ti" amepata zaidi kuliko aliyeandika "nyeusi sana". Muangalie pia mpangilio: kwa kawaida rangi hutangulia na sifa ya kuikoleza hufuata, lakini katika aya hii gharabib imetangulia sud. Wapo wafasiri waliosema kuwa maana ni ileile, kana kwamba sud ndiyo iliyotangulia.

(Kunguru wetu wa Pwani mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, hafai kwa mfano huu. Mfikirieni kunguru mweusi mwili mzima.)

Zama za Jahiliya, washairi waliozaliwa na mama weusi waliitwa aghribat al-Arab, kunguru wa Waarabu. Mmoja wao ni Antara bin Shaddad, ambaye mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi. Mwengine ni Khufaf bin Nudba, aliyesilimu akawa Sahaba. Nudba ni jina la mama yake. Tunayataja haya kwa sababu uwanjani tunawasikia watoto wakiitana kunguru kwa rangi zao. Wazazi nanyi mnasikia. Basi someni na aya ya 28: rangi za watu, wanyama na mifugo zimetajwa sambamba na ile milima, zote dalili za uwezo wa Mwenyezi Mungu.

Ama ghurab mwenyewe, yule ndege, yumo Sura al-Maida aya ya 31, akifukua ardhi ili mwana wa Adam aone namna ya kumsitiri nduguye aliyemuua.