Nanga Iliyofika Uingereza

Wajukuu zangu wa Mbuya, ninyi mnaoishi karibu na kambi na kusikia Kiswahili cha wanajeshi kila siku, sogeeni niwasimulie. Hii ni habari ya bendi ya Uingereza na kijana wa Kiacholi, na jinsi wema wa wale ulivyokuja kumfaa huyu.

Bendi iliitwa Genesis. Ilianzishwa mwaka 1967 na wanafunzi wa shule ya Charterhouse, vijana wa rika la kaka zenu walio sekondari. Walipenda magitaa ya nyuzi 12, filimbi, na nyimbo ndefu zenye hadithi ndani yake. Mmoja unapita dakika 20. Mwimbaji wao, Peter Gabriel, alipanda jukwaani na vinyago na mavazi ya ajabu. Mwaka 1975 akaiacha bendi.

Masikio yake yalimpeleka mbali, hadi kwenye ngoma za Afrika. Mwaka 1982 yeye na wenzake waliandaa tamasha la WOMAD, wakaalika wanamuziki wa mataifa mengi, wakiwemo wapiga ngoma wa Burundi, majirani zetu. Muziki ulifana, lakini fedha hazikutosha, na tamasha likaacha deni kubwa. Je, wale aliowaacha walimsusa? Hapana. Tarehe 2 Oktoba 1982 Genesis walikusanyika naye tena, usiku mmoja tu, huko Milton Keynes. Mvua ilinyesha, na Gabriel akaingizwa jukwaani ndani ya jeneza! Mapato ya usiku huo yakaiokoa WOMAD. Wengi huisifu Genesis kwa rekodi zake. Mimi nasema usiku ule wa mvua ndio urithi wake mkubwa kwetu sisi, kwa sababu mlango uliobaki wazi ndio alioupitia mtoto wa Uganda.

Mtoto huyo ni Geoffrey Oryema, aliyezaliwa Soroti mwaka 1953. Baba yake, Erinayo Oryema, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza polisi wa Uganda, baadaye akawa waziri. Na mzee huyo mwenye cheo alikuwa mpigaji wa nanga. Mmewahi kuiona? Ni gogo lililochongwa mfano wa mtumbwi mdogo, na juu yake uzi umepitishwa huku na huku hadi zikapatikana nyuzi 7. Mtoto alijifunza kwa baba. Alijua pia lukeme, ile kalimba ya Waacholi yenye vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole gumba.

Februari 1977, utawala wa Idi Amin ulimuua Erinayo pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri Charles Oboth Ofumbi, kisha ukatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Geoffrey alikuwa na miaka 23. Alivushwa mpaka kuingia Kenya akiwa amefichwa kwenye buti ya gari, na baadaye akahamia Ufaransa. Nanga aliyofundishwa na baba haikuhitaji nafasi kwenye buti. Ilikuwa kichwani mwake.

Miaka ilipopita, Gabriel akajenga studio yake, Real World, katika kijiji cha Box, Uingereza. Oryema akarekodi huko albamu ya Exile, yaani Uhamishoni, iliyotoka mwaka 1990, mtayarishaji akiwa Brian Eno. Eno hakuifunika nanga kwa kelele za mitambo. Aliiachia nafasi, na hilo ndilo ninalompendea. Katika Land of Anaka, Oryema anaiimbia Anaka, kwao kaskazini, na kila msikilizaji hutambua kwamba huyu mtu amekumbuka nyumbani. Albamu iliyofuata, Beat the Border ya mwaka 1993, ina wimbo uitwao Umoja, jina ambalo ninyi hamhitaji kutafsiriwa.

Alirudi Uganda mwishoni mwa 2016, baada ya karibu miaka 40, akaimba hapa Kampala. Juni 2018 alifariki Ufaransa.

Sasa nina ombi. Mwenye babu au bibi anayejua kupiga nanga, lukeme, endongo au adungu, amwombe amfundishe walau wimbo mmoja, na aanze wiki hii.