Daktari wa virusi na wahudumu wa machimboni

Ukishika barabara kutoka Shinyanga kwenda Kahama hadi Geita, kila panapochimbwa dhahabu pana baa, gesti na mabanda ya mama lishe. Siku mchimbaji akipata, usiku haulali. Anayemmiminia bia mara nyingi ni msichana aliyeacha kwao kutafuta riziki, na riziki hiyo ina hatari zake.

Wanawake wa kazi hizi ndio aliowafuata Dkt. Deborah Watson-Jones wa chuo cha afya na magonjwa ya kitropiki cha London, akishirikiana na watafiti wa taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, na wa shirika la afya la AMREF jijini Mwanza. Mwaka 1995 utafiti wa Mwanza, mkoa ambao wakati ule bado ulikuwa na Geita ndani yake, ulikuwa umeonyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kunapunguza maambukizi mapya ya VVU, yaani virusi vya UKIMWI, kwa karibu asilimia 40. Swali likabaki kwa malengelenge ya sehemu za siri. Kirusi chake hujificha kwenye mishipa ya fahamu maisha yote, huzuka na kutulia, na vidonda vyake humfungulia VVU mlango. Je, kikidhibitiwa kwa dawa, maambukizi ya VVU yatapungua?

Wanawake 821 wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, wenye malengelenge lakini wasio na VVU, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walimeza asaikloviri miligramu 400 mara mbili kwa siku, nusu vidonge visivyo na dawa. Majibu yalichapishwa 2008: waliopata VVU walikuwa 27 upande wa dawa, 28 upande wa pili.

Dawa haikufua dafu. Wengine wangeyafungia matokeo hayo kabatini, yeye aliyatangaza. Baadaye wanasayansi wa Marekani waligundua kwamba hata kidonda kikipona, chembe za kinga ambazo VVU hupenda kuzishambulia hubaki zimejazana pale pale kwa miezi.

Daktari huyo akageukia chanjo. Ebola ilimpeleka Kambia, Sierra Leone, kisha Goma, Kongo, ambako tangu Novemba 2019 watu zaidi ya 20,000 walichanjwa. Ila kazi iliyorudi nyumbani ni ya Mwanza: wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walipewa dozi moja, mbili au tatu za chanjo ya kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Kinga ya dozi moja ilidumu.

Aprili 2024 Tanzania ikahamia dozi moja ya chanjo hiyo. Sindano moja, na binti anarudi darasani.