Msumeno Unaomjia Fundi

Miongoni mwa mashine za useremala zinazoendeshwa kwa umeme ipo moja ambayo tabia yake inahitilafiana na za wenzake wengi: ilhali kwingineko fundi ndiye anayeipeleka mbao kwenye msumeno, hapa mbao hutulia juu ya meza na msumeno ndio unaotembea, umening'inia chini ya mkono mnene wa chuma uliosimikwa juu ya nguzo, naye fundi huushika mpini wake na kuuvuta kuelekea kifuani mwake. Wako wauitao msumeno wa mkono, lakini jina hilo lina mwenyewe tangu zamani, nao ni ule msumeno ambao kila seremala anao sandukuni; kwa hiyo hapa nitauita msumeno wa kuvuta, kwa kuwa kuvuta ndiyo kazi yake, na katika kuvuta huko ndimo yalimo manufaa yake na hatari yake pia. Aliyeubuni ni Mmarekani Raymond DeWalt mwaka 1922, na hataza yake akaipata mwaka 1925; muradi wake ulikuwa kuharakisha ukataji wa mbao za kujengea nyumba, na kwa hakika aliupata.

Sharti nieleze ni kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Asafiriye kutoka Iringa kwenda Mbeya, akishafika Mafinga, hahitaji kuuliza riziki ya watu wa hapa inatoka wapi, kwani harufu ya utomvu humfikia kabla hajateremka garini, na kando ya barabara ataona mbao zimepangwa kwa kupishana ili upepo uzikaushe, mbili kwa nne, mbili kwa sita, moja kwa nane, na malori yakingoja kuzipeleka Dar es Salaam. Ndipo lilipo shamba la miti la Sao Hill, lililo kubwa kuliko mashamba yote ya Serikali ya namna hiyo nchini, ambalo majaribio yake yalianza mwaka 1939 na upandaji wake mkubwa ukafanyika katika miaka ya 1960 na 1970, likajazwa misindano ambayo asili yake ni Meksiko pamoja na mikaratusi. Ukisonga mbele hadi Rungwe utakuta misindano mingine katika shamba la Kiwira, na kati ya hapo wakulima wengi wamepanda miti yao wenyewe, wengine hekta moja tu ya kumsomeshea mtoto. Magogo hupasuliwa humo humo msituni kwa zile mashine ndogo za kuhamishika ziitwazo dingdong, kisha mbao zikaja mjini zingali mbichi, na baadhi yake zimejikunja mgongo, zikiingia katika karakana za Mafinga, za Iringa mjini na za Mbeya, ambako hukatwa kwa vipimo na kugeuka milango, vitanda na kenchi za mapaa. Katika baadhi ya karakana hizo, aghalabu zile zilizopata mashine kuukuu kutoka ng'ambo, ndimo utakamouona msumeno wa kuvuta umesimama karibu na ukuta.

Tuutazame unavyokata. Mota yake, kwa umeme wetu unaopiga mara 50 kwa sekunde, huzunguka kiasi cha mara 2,850 kwa dakika moja. Ukifunga bledi yenye kipenyo cha milimita 300, kila jino hukimbia zaidi ya mita 44 katika sekunde moja, nao ni mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Meno yaliyo chini hukimbilia upande wa ukingo, yaani ule ubao ulio nyuma ya meza ambao mbao huegemezwa, na hivyo huikandamiza mbao mezani na kuisukumiza ukingoni. Hiyo ni neema, maana mbao haina pa kwenda. Lakini neema hiyo ina malipo yake. Kama vile gurudumu likanyagapo barabara na kuisukuma nyuma ili gari liende mbele, ndivyo meno hayo yanavyoikanyaga mbao, na mota nzima pamoja na kigari inachotembelea hutaka kuipanda mbao na kumkimbilia fundi.

Mtu asiyejua hilo huuvuta msumeno huu kama avutavyo droo ya kabati, kwa mkono uliokunjika kiwikoni, na siku mbao ikiwa na fundo gumu, au bledi ikiwa butu, kile alichokuwa akikivuta kwa utaratibu humrukia ghafla. Nilipata kumsikia fundi mmoja wa Mafinga, mtu mzima aliyekuwa na kidole gumba na vidole vitatu katika mkono wake wa kushoto, akimwambia mwanagenzi wake: "Mwanangu, usiuvute huo. Wewe uzuie, utakuja wenyewe." Katika maneno hayo machache imo elimu yote ya matumizi yake. Mkono ulioshika mpini unyooke na ukazwe, kiwiko kisikunjike, na mwili wote usogee nyuma taratibu, ili hata msumeno ukitaka kuruka ukute umezuiwa na mfupa, maana msuli huchelewa kupata habari. Mkono wa pili, ulioshika mbao, uwe mbali na njia ya bledi kwa shibiri moja kamili, wala mikono isipishane kamwe. Fundi asimame kando ya njia ya bledi, upande ule ulio na mkono wake ulioshika mbao. Mota iwashwe kigari kikiwa nyuma kabisa ya ukingo, ingojwe mpaka ipate mwendo wake wote, na ikishakata irudishwe nyuma kabla ya mtu kuigusa mbao. Naam, kabla ya kuigusa, kwani ajali nyingi za msumeno huu hutokea pale fundi anapodhani kazi imekwisha, akanyoosha mkono kuokota kipande na bledi ingali mbele yake inazunguka.

Na bledi yenyewe haifai kuwa yoyote ile iliyopatikana dukani. Meno ya bledi za kupasulia yameinama mbele kiasi cha digrii 20, na hayo yakifungwa kwenye msumeno wa kuvuta huuma kwa uchu, msumeno ukaja mbio. Ufaao ni mwinamo usiozidi digrii 5, na ulio bora zaidi ni jino lisiloinama mbele hata kidogo, au lililoinama nyuma kidogo. Anayenunua sokoni, Mwanjelwa ya Mbeya au Iringa, ikiwa bledi haina maandishi, na aweke rula kutoka katikati ya tundu hadi kwenye ncha ya jino, atazame uso wa jino: ukifuata rula sawasawa, hakuna mwinamo, ukiukimbia ule mstari na kubonyea kwa ndani, ncha ikawa imetangulia, basi jino ni la kuuma, na airudishe bledi hiyo kwa muuzaji. Tena utomvu wa misindano hugandamana kwenye meno kama nta nyeusi, bledi ikapata joto na kukwama. Kuifungua na kuisugua kwa mafuta ya taa ni kazi ya robo saa, na sioni udhuru wa kuiacha.

Mbao iliyopinda nayo ina sheria yake. Ilazwe mgongo wake ukiwa chini, ukigusa meza pale pale bledi itakapopita, maana ukiilaza kama daraja, mgongo juu, itaporomoka katikati ya mkato na kuibana bledi. Ikiwa imepinda ubavuni, ule upande uliotokeza ndio ugusane na ukingo.

Kuhusu kupasua mbao kwa urefu, mashine hii inaweza, kwa kuigeuza mota robo duara ili bledi ilingane na ukingo. Mimi sishauri, maadamu karakana ina mashine nyingine ya kupasulia. Anayelazimika na ajue kwamba hapo mambo hugeuka: sasa msumeno ndio unaotulia na mbao ndiyo inayosukumwa, na sharti isukumwe ikikabiliana na mzunguko wa meno, kwani ukiiingiza kwa upande wa pili msumeno huinyakua kutoka mikononi na kuifyatua kama mshale, nayo hupita karakana nzima. Kucha za kuzuia mbao isirudi zishushwe, na kipande cha mwisho kisukumwe kwa kijiti.

Lipo jambo jingine ambalo kwetu si geni: umeme kukatika. Fundi yumo katikati ya mkato, umeme unazimika, anaachia mpini, anakwenda kunywa chai. Swichi imebaki pale pale ilipokuwa. Umeme unaporudi, msumeno huwaka wenyewe, na pengine mwanagenzi amekwisha kuinama juu ya meza akifagia pumba za mbao. Zipo swichi ambazo hujiachia zenyewe umeme unapokatika na haziwashi tena mpaka zibonyezwe, nazo bei yake si ya kutisha kwa mwenye karakana. Kadhalika kwa mashine za nyaya tatu za umeme: fundi umeme akizibadilisha mbili mahali pake, mota huzunguka kinyume, na meno ya chini yakaanza kuielekeza mbao kwa fundi badala ya ukingoni. Kila baada ya matengenezo ya umeme, iwashwe na kuzimwa mara moja bila mbao, ili mzunguko utazamwe kwa macho. Na mota iliyoundwa kwa ajili ya Marekani, ambako umeme hupiga mara 60 kwa sekunde, hapa kwetu huzunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, hupata joto upesi, na ikiwa imefungwa kwa volti 115 huungua siku ile ile.

Nina neno pia kuhusu baridi yetu. Mwezi wa Juni na wa Julai, Mafinga na Uyole ya Mbeya asubuhi haziingiliki bila sweta, na vijana huja kazini wamevaa makoti ya mitumba yenye mikono mirefu kupita vidole, wengine na glavu za sufu. Naiona ni hadhari ya kwanza ya msimu huo: glavu zivuliwe, mikono ya sweta ikunjwe hadi juu ya kiwiko, na kama vidole vimekufa ganzi basi viote moto kwanza jikoni, kwani bledi ikishika uzi mmoja wa sufu huufuata mpaka mwisho wake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemfaradhishia mwajiri kuwalinda watu wake, kinga za mashine zikiwamo. Lakini kinga ya bledi iliyofunguliwa ili "kuona vizuri" na kutupwa chini ya meza ni jambo nililolikuta zaidi ya mara moja, na kila mara nimehuzunika.

Hayo yote huwaambia watu namna ya kuitumia mikono yao. Langu hasa, nililoshikia kalamu, ni kwamba mikono hata ikifundishwa namna gani haitasalimika kwenye mashine iliyolegea. Msumeno huu una maungio mengi kuliko wenziwe wengi: mkono huzunguka kwenye nguzo, tena hupanda na kushuka, kigari hutembea kwa beringi, mota hugeuka na kuinama; na kila ungio hulegea kidogo kidogo kwa mtikisiko. Watu hudhani kulegea huko huharibu vipimo tu. Lakini bledi isiyolingana na njia inayotembea huingia mbaoni upande-upande, kisigino chake kikisugua ukuta wa mkato, na huko kusugua ndiko kunakozaa moshi, kubana na kuruka.

Yule fundi wa Mafinga niliyemtaja alikuwa na desturi ya kila Jumatatu, nami nilikaa juu ya rundo la mabanzi nikamtazama. Kwanza aling'oa plagi ukutani na kuiweka juu ya meza mahali anapoiona. Akaushika mwisho wa mkono wa chuma na kuutikisa kulia na kushoto, kisha akakitikisa kigari, akasikiliza. Kilipogonga, akatwaa spana na kuikaza beringi, kidogo tu, mpaka kikatembea bila kugonga na bila kukwama. Akapitisha kijiti kimoja chini ya mkono huo pembe hadi pembe ya meza, apate kujua kwamba meza yote iko umbali mmoja. Akasimamisha skwea ubavuni mwa bledi, baina ya meno, kwa kuwa meno yametanuka kuliko bamba na hudanganya. Kisha akatia alama ya chaki kwenye jino moja, akaligusisha na skwea iliyoegemezwa ukingoni, akakivuta kigari kwa mkono mpaka inchi nane, akitega sikio kama jino hilo hilo linaendelea kuikwaruza skwea kwa sauti ile ile mwanzo hadi mwisho. Akaligeuza mpaka likawa nyuma ya bledi, akapima tena pale pale alipolipimia lilipokuwa mbele, na hapo akatikisa kichwa, akalegeza bolti mbili za mota, akaigonga kwa nyundo ya mti mara moja, akazikaza.

Mwisho alirudisha plagi, akakata ubao wa moja kwa kumi uliokauka vizuri, akapindua nusu yake moja juu chini, akaziegemeza zote mbili ukingoni na kuziunganisha pale zilipokatwa. Maana kosa lolote la pembe, kwa njia hiyo, huonekana mara mbili ya lilivyo. Akaniita nije kutazama. Tuliinama wote wawili, mwanagenzi naye akaja, tukaelekeza macho dirishani kupitia ule mwungano, na mwanga haukupita.